Tangi Chini ya Kiti cha Nyuma

Ngo.

Sauti ilitoka chini ya kiti cha nyuma, mara moja tu, kaka yangu alipokanyaga breki kabla ya kona ya kuingilia Magara. Haikuwa kelele ya chuma kilicholegea. Hiyo naijua, maana kila gari linalokimbia kati ya Rumonge na Bujumbura lina chuma kilicholegea mahali fulani, na abiria hukizoea kama watu wanavyozoea kikohozi cha babu yao nyumbani. Hii ilikuwa nzito, ya kujaa, kama ya mtu aliyefungiwa ndani akabisha mara moja na kukata tamaa. Gari lilipotulia nikasikia kitu kikirudi nyuma taratibu, chwaa, chini ya mapaja yangu.

"Ni nini hicho?" nikamwuliza.

"Kipi?"

"Kilichogonga."

"Maji ya rejeta," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Rejeta iko mbele, nami nilikuwa nyuma. Nilijiambia kwamba labda kuna bomba refu linalopita chini. Kisha nikajiambia kwamba hakuna mtu mwenye akili anayeweza kuamini hivyo. Kisha nikajiambia kwamba mimi sisomi magari, nasoma tabia za wanaoyaendesha, na kwamba msomi makini hatoi hukumu nje ya uwanja wake. Ndivyo kichwa changu kinavyofanya kazi: kila mlango ninaoufungua nauchunguza bawaba zake mpaka nasahau nilitaka kuingia wapi. Tulipofika Bujumbura nilikuwa nimekwisha kupanga hoja zote mbili vizuri, na sikuwa nimeuliza tena.

Nilikuwa nimerudi Rumonge kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Mada yake ni mtazamo wa madereva wa barabara ya ziwani kuhusu kamera za mwendo. Kamera yenyewe husimamishwa kwa miguu yake mitatu kando ya lami, mara chini ya michikichi ya Bugarama, mara kwenye mteremko wa Muhuta, mahali ambapo mlima umeikaribia barabara kiasi cha kuisukumia ziwani. Madereva hawaiiti kamera wala rada. Wanaiita fotografe, mpiga picha. Na kwa kuwa mtu akienda kupigwa picha hujichana kwanza, dereva aliyekwisha kuipita humwonya anayekuja kwa kupitisha vidole kichwani, toka kwenye paji la uso hadi kisogoni, kama mwenye kitana. Hakuna anayewasha taa, kwa sababu taa zinaonekana hata na polisi. Nimeona wanaume wenye vipara vinavyong'aa wakijichana nywele wasizokuwa nazo kwa uso mkavu kabisa. Asiyejichana kwa ajili ya wenzake hutengwa. Siku yake ikifika, anaachwa aingie kwenye picha akiwa mzima mzima.

Niliwahoji palepale wanapopanga magari, mjini Rumonge, huku wakisubiri abiria na esansi, yaani petroli, iliyokuwa adimu mjini. Kaka yangu ndiye aliyenitambulisha, nao wakaniita porofesa tangu dakika ya kwanza.

"Porofesa, andika hivi," alisema mmoja wao, mtu mnene aliyekuwa akila ndizi. "Ile mashini inaona mbio, haioni foleni ya esansi. Weye umelala kwa foleni siku mbili, unapata kidogo, utaenda polepole? Iko hesabu gani hiyo?"

"Muongo," akadakia mwenzake. "Huyu hata siku esansi iko mingi anakimbia. Anakimbiaka mukewe."

"Namukimbia, njo. Na wewe ungemuona ungekimbia."

Nikasubiri kicheko kipungue, nikauliza swali langu la pili. Lilihusu bima. Je, gari likibadilishwa, mtoa bima hujulishwa? Nilijua jibu kabla ya kuuliza, kwa sababu magari yenyewe yalikuwa mbele yangu. Moja lilikuwa limeongezewa springi ili libebe samaki wengi bila kuinama. Jingine lilikuwa limeng'olewa viti na kuwekewa benchi. Injini ya tatu ilikuwa imetoka kwenye gari la aina nyingine kabisa.

"Kumwambia nani?" akauliza mla ndizi.

"Kampuni ya bima."

"Nikinyoa ndevu pia niende kuwaambia?"

Wakacheka mpaka kaka yangu akaegemea boneti. Kisha mmoja, mpole kuliko wengine, akanieleza kwa huruma, kama mtu anayemfahamisha mgeni desturi za nyumba. Bima ni ile karatasi ya kubandika kwenye kioo, akasema. Polisi akiiona, unapita. Kazi yake imekwisha hapo. Hakuna aliyewahi kumsikia mtu aliyelipwa, na kwa hiyo hakuna aliyefikiri kwamba kuna siku mtu atakuja kuliangalia gari kutoka chini.

Nimelifikiria sana jibu lile. Walikuwa waangalifu mno, wale watu. Waliijua kila kona, kila shimo, kila saa ya fotografe. Ila uangalifu wao wote ulielekezwa kwenye jicho moja lililosimama kando ya barabara. Walichoficha nyuma ya jicho hilo walikiona kuwa salama kwa sababu tu kilikuwa kimefichwa.

Kaka yangu ndiye mkubwa wetu. Sote wawili tulizaliwa kambini, upande wa Tanzania, na ndiko tulikojifunzia Kiswahili hiki ninachoandikia. Kambini hakuna kitu kilichobaki kama kilivyoletwa. Mkebe wa mafuta ya msaada ulikuwa mlango, ukawa jiko, ukawa taa, ukawa mtego wa panya. Turubai lilikuwa paa, kisha begi la shule, kisha nepi. Mtu aliyetumia kitu kwa kazi yake ya asili alionekana mvivu. Kaka yangu alijifunza kuchomelea huko, na tuliporudi nyumbani akarudi na tabia hiyohiyo: kwake kitu ambacho hajakibadilisha bado si chake.

Kwa hiyo sikumlazimisha aniambie. Alinionyesha mwenyewe siku chache baada ya ile safari, akiwa na fahari. Aliinua kiti cha nyuma, akapiga bati kwa kiganja. Lilikuwa pipa la mawese, lililokatwa, likalazwa, likachomelewa pande zote na kupakwa rangi nyeusi. Ndani yake mlikuwa na esansi iliyovushwa ziwani kwa mitumbwi wakati vituo vya mjini vilipokuwa vikavu. Mrija mwembamba uliipeleka kwenye tangi la kawaida.

"Naenda Bujumbura, narudi, naenda tena," akasema. "Wenzangu wako kwenye foleni, mimi niko barabarani. Unaona?"

"Kuna nini ndani cha kuzuia mafuta yasikimbie mbele na nyuma?"

"Mafuta yakimbie wapi, mdogo wangu? Yamefungwa."

Nilikwenda kuusoma mkataba wake wa bima. Ulikuwa mkataba wa kawaida wa teksi, wenye kifungu cha kawaida kinachosema kwamba mabadiliko yoyote yanayoongeza hatari yatangazwe kwa kampuni. Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, kwa utaratibu, nikitenganisha hatari ya kisheria na hatari ya moto, nikianza na ile ya kisheria kwa kuwa ndiyo niliyokuwa na ushahidi wake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Fotografe inapiga uso," akasema. "Haipigi tumbo."

Mwezi huohuo nilipanda tena gari lake kwenda Bujumbura. Safari hii nilikaa mbele. Nyuma walikuwapo watu watatu, wawili wakashuka njiani, akabaki mama mmoja anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakavu, mtu wa Rumonge mjini, jirani yetu upande wa msikitini. Miguuni alikuwa na bido la mawese, dumu la njano ambalo watu wengi walimwona akilipakia. Alikuwa akimtania kaka yangu tangu tulipoondoka.

"Weye mutoto, gari yako inanuka kama kituo. Unauza esansi ama unabeba watu?"

"Mama, hiyo ni harufu ya utajiri."

"Basi mi natajirika bure huku nyuma. Fungua kioo."

Kaka yangu akafungua kioo. Barabara ilikuwa wazi, ziwa kushoto kwetu likiwa jeupe kwa jua la asubuhi, na kaka yangu alikuwa akikimbia kama wanavyokimbia wote. Tulikuwa tumeipita Magara. Gari la bluu likatokea mbele yetu, na dereva wake akainua mkono, akapitisha vidole kichwani toka mbele hadi nyuma.

Mimi ndiye niliyemwona kwanza. "Fotografe," nikasema.

Kaka yangu akakanyaga breki kwa nguvu zake zote.

Ngo. Safari hii kulikuwa na sauti ya pili, ndogo, iliyofuata ile kubwa papo hapo, kama kitambaa kinachochanwa. Tuliipita kamera kwa mwendo wa bibi harusi, wote wanne tukiangalia mbele, nikimhesabu na yule polisi aliyekuwa nyuma ya miguu mitatu, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kutusimamisha. Kwa kipimo cha tasnifu yangu, pale tulikuwa gari lililotii sheria. Kaka yangu alianza kuongeza mwendo, na gari jingine lilipotokea mbele naye akajichana kumwonya dereva wake, kwa heshima.

"Harufu imezidi," akasema mama nyuma. Kisha akasema, "Mwanangu, miguu yangu imelowa."

Bomba la moshi lilipita chini ya pipa lile. Nimejifunza baadaye kwamba petroli haihitaji cheche kubwa, na kwamba mshono wa chuma chembamba hauhimili kupigwa na mafuta kila breki, breki baada ya breki, kila mahali fotografe iliposimama. Wakati ule sikujua lolote kati ya hayo kwa hakika. Niliona tu mwanga kwenye kioo cha mbele, wa rangi ambayo asubuhi haina, nikageuka, na kiti cha nyuma kilikuwa kinawaka kutoka chini.

Nitaandika kwa uangalifu kilichofuata, kwa sababu ni haki ya kaka yangu. Alisimamisha gari. Mlango wa nyuma ulikuwa na kitasa kibovu, unafunguliwa kwa nje tu, naye alizunguka akaufungua, akaingiza mikono yake yote miwili ndani ya moto, akamvuta yule mama. Hakusita. Mikono yake iliungua hadi juu ya viwiko. Mimi nilikuwa nimesimama majanini nikiliita jina la Mungu, nikiwa nimeshika mkoba wangu.

Watu wa Magara walikuja na mchanga na maji ya ziwa. Mama alipelekwa hospitali akiwa ameungua miguu na mgongo. Kabla ya gari kuvutwa, kaka yangu, kwa ile mikono, aliwasimamia rafiki zake wawili waking'oa mabaki ya pipa na kuyatumbukiza ziwani. Mimi niliona. Sikujua kwanza kwa nini ana haraka hiyo na ngozi yake iko vile.

Nilielewa siku mkaguzi wa kampuni ya bima aliponipigia simu. Kaka alikuwa amempa namba yangu kwa sababu mimi ndiye mwenye Kifaransa cha ofisini. Mkaguzi alikuwa mtu wa adabu, aliyechoka. Alitaka kujua jambo moja: moto ulianzia wapi. Nilimwambia nitampigia.

"Mwambie ni bido ya yule mama," kaka akasema. Tulikuwa kwenye kizingiti cha wodi ya wanaume. "Watu waliliona. Sema lilikuwa la esansi. Nani atabisha?"

"Lilikuwa la mawese."

"Limeungua. Yote yameungua. Mawese, esansi, nani anajua?"

Usiku ule na mchana uliofuata niliusoma mkataba kama nisivyowahi kusoma kitabu. Kwa kadiri nilivyoelewa, tangi lisilotangazwa halikumwondolea abiria haki yake: kampuni ingemlipia yeye matibabu, kisha ingemgeukia kaka yangu aliyeficha, na mahakama nayo ingekuwa na la kwake. Lakini abiria aliyeleta hatari mwenyewe, kwa kubeba petroli ndani ya teksi, hakuwa na cha kudai. Kwa hiyo moto ule ulikuwa lazima uwe wa mtu mmoja kati ya wawili, na mimi ndiye niliyeombwa kuchagua jina. Upande mmoja alikuwa mtu aliyenibeba mgongoni tukivuka mpaka kurudi nyumbani. Nilitafuta njia ya tatu. Nilijiuliza kama sentensi inaweza kuwa kweli na bado isiseme kitu, kwa mfano, "chanzo hakijathibitishwa." Ni sentensi nzuri. Katika tasnifu ingepita.

Nikaenda kumwona mama.

Alikuwa amelala kifudifudi, shuka limeinuliwa kwa fremu ya mbao lisimguse. Alinitambua kwa sauti.

"Porofesa. Karibu. Usikae kitandani, kuna mashimo."

"Pole, mama."

"Asante, mwanangu. Kaka yako iko namna gani na mikono?"

"Anaendelea."

"Mungu amupe. Mi namuombea kila sala. Bila yeye ningekuwa makara." Akapumzika. Maneno yalikuwa yanamchosha. "Niambie, wewe umesoma. Banasema ni bido yangu njo ililipuka."

"Akina nani wanasema?"

"Batu. Barafiki ya kaka yako walikuja kuniona, banasema hivyo. Mi nalinunua mawese kwa yule yule wa siku zote. Lakini nawaza. Pengine alinipa bido iliyokuwa na esansi kwanza. Pengine alichanganya. Mawese inaweza kulipuka?"

Nikalirekebisha shuka juu ya fremu.

"Kama ni bido yangu," akasema, "basi mi njo nimemuunguza kaka yako mikono. Mtoto wa watu. Nikipona nitaenda kumuomba musamaha, yeye na mama yenu. Niambie tu ukweli, nijue naomba nini."

Nilimwambia kwamba mawese hayalipuki. Nilisema hivyo tu. Sikuweza kuona uso wake, niliona kidole kimoja tu kikiukwaruza mto.

"Basi ni nini?" akauliza.

Kesho yake mchana, nilimpelekea kaka yangu chakula nyumbani, kwa kuwa hospitali ilikuwa imemruhusu na mke wake alikuwa sokoni. Mikono yake ilikuwa mikubwa na myeupe kwa bandeji, imewekwa juu ya mto mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Nilimlisha ugali na mukeke, samaki wa ziwani. Nilikata tonge, nikalichovya, nikalipeleka mdomoni mwake, naye akafungua mdomo bila kuniangalia. Kambini yeye ndiye aliyekuwa akinilisha hivyo.

"Umempigia?" akauliza alipomeza.

"Bado. Nilikwenda kumwona mama."

"Iko namna gani?"

"Anakuombea. Anaamini ni bido lake lililokuunguza. Anataka kuja kukuomba msamaha."

Nikampelekea tonge jingine. Hakufungua mdomo.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

"Anaomba msamaha kwangu." Alicheka kwa pumzi moja, kicheko kisicho na sauti, kisha uso wake ukakaa vibaya. "Nikifungwa, watoto watakula nini? Nitaendesha kwa mikono gani? Wewe utarudi chuo. Utaandika."

"Ndiyo."

"Utaniandika?"

Nilitaka kumwambia hapana. Badala yake niliweka sahani chini na kunawa vidole, kimoja kimoja, kwa sababu sikutaka simu ipate mafuta ya samaki. Nilikuwa bado nafikiri, hata hapo. Nilifikiri kwamba pengine kampuni ingekataa kulipa vyovyote vile, na kwamba ningekuwa nimempoteza kaka bila kumpata mama. Nilifikiri kwamba sikuwa na ushahidi, pipa liko ziwani. Nikatambua kwamba hoja hizo zilikuwa zimejipanga vizuri kupita kiasi, kama zilivyojipanga siku ile ya kwanza, nilipokuwa nimekikalia kitu kile.

"Nitoke nje?" nikamwuliza. "Au nipigie hapa?"

Aliangalia mikono yake. Hakuweza kuinuka bila kusaidiwa, wala kuziba masikio.

"Piga hapa," akasema. "Nisikie unavyonisema."

Simu iliita. Mkaguzi alipokea, akanitambua, akaniamkia kwa Kifaransa, na mimi nikamwambia kwa Kifaransa kwamba abiria alikuwa amebeba mawese, kwamba mafuta yaliyowaka yalikuwa ya gari lenyewe, ndani ya tangi la pili lililowekwa chini ya kiti cha nyuma, na kwamba tangi hilo kampuni haikuwahi kuambiwa. Kaka yangu hajui Kifaransa kingi, lakini neno la tangi analijua, na nilipolitamka alifumba macho.

"Tangi lilitengenezwa na nani?" mkaguzi akauliza.

"Na dereva. Ni kaka yangu."

Nikasikia droo ikifunguliwa upande wa pili. Akaniomba radhi. Akasema hakuwa ameandika chochote bado, alikuwa amekosa kalamu, kama ningeweza kumwia radhi na kurudia, polepole, tangu mwanzo.

Nikarudia.